Mlima Ambao Hauna Mwenyewe

Kaka yangu Rachid ana ugonjwa mmoja, na si wa hospitali: anaamini kanuni. Ukimwambia chai imepoa, atakuuliza imepoa kwa kipimo gani. Nampenda, na karibu kila siku natamani kumtupia pasi ya mkaa.

Mimi ni Kulthumu, fundi wa nguo, Muyinga mjini. Cherehani yangu iko barazani kwa shangazi yetu Swabra, aliyetupokea tulipovuka mpaka wa Kobero kutoka kambi ya wakimbizi ya Ngara, ng'ambo, tukiwa na magodoro mawili, sufuria, na sanduku la bati la Rachid. Nilidhani sandukuni mna nguo. Mlikuwa na karatasi tupu. Wenzetu walirudi nyumbani na mabati na baiskeli, sisi tukarudi na mchezo.

Nieleze mchezo wenyewe, maana usipoueleza watu wanadhani ni karata. Mnakaa mezani wanne au watano. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi, anasema mtu wake anafanya nini, na msimulizi anasema kinachofuata. Jambo likiwa gumu, dadu ndiyo inayoamua kama limewezekana. Kambini mwalimu mmoja wa kujitolea alitufundisha, kisha akaondoka na kitabu chake. Rachid, wakati huo ana miaka kumi na sita, akaketi akatunga kanuni zake mwenyewe, na sifa yake aliyojivunia ni hii: zilifaa hadithi yoyote. Leo mnaweza kuwa wawindaji, kesho madaktari, keshokutwa watu wanaoishi mwezini, na kurasa ni zilezile ishirini. Block yetu nzima, yaani mtaa wetu wa mahema, ilicheza kwa miaka kumi na moja. Kambini muda ndicho kitu pekee ambacho hatukupimiwa.

Tulirudi baada ya amani, nyumba za bati jipya zikichomoza kila upande wa barabara. Baba na mama walibaki kule, ardhini. Shamba letu la Gasorwe, tulikozaliwa, tulilikuta lina watu. Siku ya kwanza tulikwenda kwa miguu kulitazama, tukasimama barabarani kama wanaosubiri gari. Kulikuwa na nguo zimeanikwa na mtoto anamwita mama yake. Rachid hakubisha hodi. Alitazama mikaratusi aliyoipanda baba, akahesabu iliyobaki, tukarudi mjini. Tangu siku hiyo alikuwa akiishi Muyinga kama mgeni ambaye hajavua viatu.

Mwaka wa pili akaamua kwamba mchezo utamlisha. Nilifurahi, nikidhani sasa amepata sababu ya kukaa. Akatoa fotokopi za vijitabu ishirini, akaviandika juu: KANUNI ZA KILA HADITHI. Akasimama navyo sokoni.

Mtu akiuliza, "Hii ni nini?" Rachid alimjibu, "Ni mfumo wa kanuni unaoweza kutumika katika mazingira yoyote ya usimulizi." Kwa Kiswahili chake cha Ngara kilichonyooshwa kwa pasi. Watu walimwangalia kwa huruma wakaenda kununua vitunguu.

"Rachid," nilimwambia, "mimi hapa barazani natundika nini? Natundika gauni. Situndiki karatasi ya kukatia. Kwenye karatasi ile mna magauni elfu, lakini hakuna mwanamke aliyewahi kusimama akaipenda."

"Gauni ni hadithi moja tu. Mimi nauza zote."

"Basi utazila zote."

Wa pili kumpinga, baada yangu, alikuwa mzee Radjabu wa msikitini. Aliona dadu mezani, akasema hii ni kamari na haikai karibu na nyumba ya dada yake wa dini, Swabra. Rachid alibishana naye kwa adabu alasiri nzima, akashindwa, na kwa hasira akabadilisha kanuni. Akaondoa dadu, akaweka maharagwe. Kila mchezaji ana kikombe chenye maharagwe kumi, meupe na mekundu. Ukiwa hodari wa kazi fulani, meupe yanaongezwa. Ukitaka kufanya jambo gumu, unachota matatu bila kuangalia: ukipata meupe mawili, umeweza. Mzee Radjabu alikagua kikombe, akachota mara mbili, akasema maharagwe hayamkatazi mtu. Akachota na mara ya tatu. Nikasema moyoni, kumbe kanuni za kaka yangu zinaweza kubadilika, ila lazima umkasirishe kwanza.

Lakini vijitabu viliuzwa vitatu tu, kimoja kwa shangazi.

Jioni moja, kiangazi kikiwa kimeanza, Rachid alikuja akaketi kwenye ngazi ya baraza akasema bila kunitazama: "Kuna mtu Gitega ana duka la daftari na fotokopi. Amekubali kuujaribu mchezo. Ikishindikana huko, mimi narudi Ngara."

"Kufanya nini? Kambi imefungwa."

"Kulima mashamba ya watu. Kule ninajulikana."

Sikuendelea kushona. Tumebaki wawili katika watu sita. Mtu anayevuka kwa njia za porini kwenda kulima shamba la mwenzie, bila karatasi, unaweza kukaa miaka kumi hujui kama yu hai. Nikamwambia kwamba ninakwenda naye Gitega, na kwamba asinijibu. Hakunijibu.

Mwenye duka aliitwa Mugisho, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mtu mpana, mwenye miwani mbili: moja machoni, moja kichwani, na bado alikuwa akiitafuta ya tatu. Alikipitia kijitabu chetu kwenye kaunta, akalamba kidole kila ukurasa.

"Bon," akasema. "Mi nauzaka kitu yenye watu wanauliza. Samedi, kisha kazi ya commune, nitawaletea watu watatu. Mutacheza nyuma ya duka. Kama wanamaliza na wanaomba ingine, mi nachapa mia tatu, nagawa mpaka muji ya Ngozi. Kama hapana, tunabakia marafiki."

Samedi ni Jumamosi, na Jumamosi asubuhi ndiyo kazi ya commune, ya lazima: nchi nzima huwa inazibua mitaro na kusawazisha barabara, maduka yamefungwa, kila mtu na jembe lake. Ilipofika saa tano watu wakanawa miguu, na wale watatu wakaja. Mugisho alikuwa amewachagua kwa sababu soko limewazoeza Kiswahili. Cubaka, mkimbizi wa Kivu kama yeye, muuza viatu. Emerensiana, mama wa makamo anayeleta maharagwe kutoka Bugendana, mcheshi, kitambaa kichwani kimefungwa kwa upande mmoja. Na Kasiano, seremala wa Nyarusange, mtu mrefu asiye na maneno, ambaye kwanza aligusa meza chini kuona miguu imeungwaje.

Rachid aligawa karatasi za wachezaji. Mstari wa kwanza wa karatasi ile ndio ulikuwa fahari yake, na nakiri, fahari yangu pia. Uliandikwa: MLIMA WAKO WA ASILI, maana kwetu watu hukaa milimani, na mlima ndio kijiji cha mtu. Kambini watu waliupenda mstari huo kuliko mchezo wenyewe. Kila mtu aliutaja mlima wake, chemchemi yake, jirani zake wa kushoto na wa kulia, na hata kama siku hiyo tunacheza watu wa mwezini, kwanza tulizunguka milimani nusu saa. Vijana waliozaliwa kambini walijua mapito ya milima ambayo hawajawahi kukanyaga. Kwetu swali hilo lilikuwa sukari.

Cubaka akaandika haraka, "Walungu!" huku akituambia ndizi za kwao zilivyo.

Emerensiana akaanza kutafuta kitu kwenye mfuko wake. Kasiano aliisoma karatasi, akaigeuza nyuma, akaisoma tena mbele, akalaza kalamu juu yake.

"Hii karatasi," akauliza taratibu, "inaenda wapi?"

"Haiendi popote," Rachid akasema. "Ni ya mchezo. Andika mlima wako, halafu jina."

"Mlima na jina."

"Ndiyo. Na jirani zako, ukitaka."

Kasiano akatikisa kichwa kwa upole, akasema mchezo ni mzuri sana. Emerensiana naye akasema ni mzuri sana. Kisha Kasiano akakumbuka kuna mlango wa mteja anatakiwa kuumaliza, Emerensiana akakumbuka mgonjwa, na tukabaki na Cubaka, aliyekuwa bado anaeleza ndizi. Hakuna aliyetukasirikia. Laiti wangetukasirikia.

Nilimkimbilia Emerensiana hadi kona ya barabara. Nikamwomba aniambie tumekosa nini, na anisamehe, maana sisi tumekulia mbali.

"Mama, we hujui kweli?"

"Sijui."

"Hapa mlima mtu hakuulizi mezani mbele ya watu. Mlima ukishautaja, wanajua weye ni nani, na familia yako ilipita wapi, na nani alikufa, na nani alibakia. Iko karatasi ziliandikwa namna hiyo hiyo zamani. Mlima, jina, jirani. Kisha usiku watu walifuatwa na hiyo karatasi." Akarekebisha kitambaa chake. "Na ule Kasiano, anakaa kwenye itongo, shamba ya mtu alikimbia. Barua ya commission ya mashamba, ile inarudisha mashamba kwa wenyewe, imefika kwake mwezi ulipita. Sasa nyinyi mukakuja na kalamu."

Nilisimama pale jua linanichoma. Miaka kumi na moja tulikuwa tukifurahia swali ambalo wenzetu waliobaki hawakuweza kulisikia bila kutetemeka. Niliona aibu.

Nikarudi kwa Mugisho nikamwomba Jumamosi moja zaidi. Akashusha miwani ya kichwani, akaipandisha. "Moja," akasema. "Ya mwisho kabisa."

Tukapanga chumba kwa wiki hiyo nyuma ya duka la kinyozi. Nilimweleza Rachid kila neno la Emerensiana. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mstari hautoki."

"Unasema?"

"Kila kitu kinaweza kutoka. Dadu imetoka. Mlima hautoki. Mtu asiye na mlima kwenye karatasi ni nani? Ataanzia wapi?"

"Ataanzia alipo."

"Sisi tulianzia pale."

"Sisi tulikuwa mbali, Rachid. Ni rahisi kuutaja mlima ukiwa hauoni nani anakaa juu yake."

"Kwetu ni Gasorwe," akasema. "Nimeuandika kwenye kila karatasi tangu nikiwa na miaka kumi na sita."

"Na una watu," nikamwambia. "Mlima wetu una watu, wana mtoto, wameanika nguo. Ulisimama barabarani ukaona kama mimi."

Hapo nilivuka mpaka, najua. Alilivuta sanduku lake akaanza kupanga karatasi, na nilipomuuliza anafanya nini akasema Jumamosi atasimulia kwa kuwa ametoa ahadi, Jumapili ataondoka kuelekea Ngara. Alisema kwa sauti ileile anayotumia kusoma kanuni. Mimi ninapigana kwa mdomo, na siku ile mdomo uliniishia. Nilitoka nikaketi chini nje ya duka la kinyozi nikalia, naye kinyozi akaniletea kiti.

Wiki ile nilifanya ninachojua. Nguo ikimbana mtu hutupi kitambaa. Unafumua mshono unaobana, ule tu. Niliketi na kijitabu, nikafumua mstari wa kwanza. Watu wanahitaji mlima, Rachid alisema kweli. Basi wapewe mlima, ila usiwe wa mtu. Nikaandika: "Kabla ya kuanza, wachezaji wote wachore pamoja mlima mmoja ambao haupo. Ni marufuku kuupa jina la mlima wa kweli. Kila mmoja aweke kitu kimoja juu yake." Chini yake nikaandika swali jipya badala ya lile la asili: "Jirani yako ni nani, na ni jambo gani hamjaambiana?" Nilifuta mara nyingi. Kushona ni rahisi zaidi.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuharibu, niliendelea. Nilibandika mlima huo mwanzoni mwa kijitabu kama hadithi iliyokwisha kushonwa, ya kuvaa siku hiyo hiyo, na zile kanuni za kila hadithi nikazisukuma nyuma, kwa atakayependa kujishonea nyingine. Nikamwekea Rachid juu ya sanduku lake. Alisoma akiwa amesimama. Alisahihisha nukta katika sehemu mbili.

Jumamosi ya pili Mugisho aliwarudisha wale wale watatu. Nilikuwa na hakika Kasiano hatakuja. Alikuja wa mwisho, tope la mtaro bado liko kwenye buti zake, kwa sababu Emerensiana alimwapia kwamba karatasi imebadilishwa na kwamba yeye mwenyewe ataiangalia kwanza. Aliiangalia kwanza, pande zote mbili.

Rachid akatandaza mezani nyuma ya kalenda ya zamani, nyeupe, akachora mstari mmoja wa mviringo. "Huu ni mlima," akasema. "Hauko Gitega, hauko Muyinga, hauko popote. Kila mtu aweke kitu."

"Hauna mwenyewe?" Emerensiana akauliza.

"Hauna."

"Ehe. Basi mi naweka kisima hapa chini, karibu, nimechoka kupanda na maji." Watu wakacheka. Cubaka akaweka duka la viatu kileleni kabisa, tukamuuliza nani atapanda mpaka huko, akasema atapanda mwenye viatu vibovu. Kasiano alishika kalamu muda mrefu. Kisha akachora nyumba, mlango umewekwa vizuri na bawaba zake, na nyuma ya nyumba mstari wa mikaratusi.

Rachid aliitazama ile mikaratusi, iliyofanana na ya baba kule Gasorwe. Nami nilimtazama yeye.

Akauliza lile swali, kwanza kwa wengine. Jirani wa Cubaka alikuwa mama wa kisimani, na jambo ambalo hajamwambia ni kwamba anampenda. Emerensiana akasema hata asipomwambia ameshajua, bei ya viatu vyake imeshuka. Zamu ikafika kwa Kasiano.

"Mi," akasema, "niko kwenye nyumba ya mtu. Mwenyewe iko mbali. Hatujaambiana kitu sababu hatujaonana."

Kila mtu pale alijua, na hakuna aliyesema anajua. Nyuma yetu mashine ya fotokopi ilikuwa inanguruma. Katika mchezo huu kila mchezaji ni mtu wake mmoja, na msimulizi ni watu wengine wote, yeyote atakayepita njiani. Kwa hiyo huyo mwenye nyumba, kama atakuja, hana mwingine wa kumsemea ila Rachid. Kaka yangu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nilifikiri atasimama aondoke, na sijui kama ningemlaumu.

"Asubuhi moja," Rachid akasema, "mtu anabisha hodi."

"Nani?" akauliza Kasiano.

"Mimi. Mikaratusi hii aliipanda baba yangu."

Kasiano akasema, "Nataka kumufungulia."

"Kufungua mlango si jambo gumu," akasema Rachid. "Kwa kanuni, huhitaji kuchota. Sema tu umefungua."

"Ni ngumu," Kasiano akasema. "Acha nichote."

Akaingiza mkono wake mkubwa kwenye kikombe. Akatoa matatu, akayaweka mezani moja moja. Jeupe. Jekundu. Jekundu. Hakuyatazama tena, alimtazama Rachid, na kwenye uso wa mtu mzima yule niliona kwamba haragwe lile lilimuuma kweli.

Kanuni za kaka yangu hapo hazina huruma. Meupe mawili, umeweza. Jeupe moja, hukuweza, na hadithi inaendelea hivyo. Kambini nilimwona akimnyima mama yetu mwenyewe kuvuka mto kwa nukta moja tu ya dadu.

"Ngoja," akasema Emerensiana. "Mi si ni jirani yake?" Akachota jeupe moja kutoka kikombe chake, akalisukuma kwa kidole mpaka mbele ya Kasiano. "Nimemupa langu. Nimepita nikamwambia, fungua, niko hapa nyuma yako."

"Hiyo haimo kwenye kanuni," Rachid akasema.

"Najua haimo. Jirani iko."

Namjua Rachid tangu utotoni, na sijawahi kumwona akiongeza kanuni mchezo ukiendelea. Aliyatazama maharagwe yale manne. Kisha akageuka kwangu.

"Andika," akasema. "Jirani anaweza kutoa jeupe moja. Likitolewa, halirudi kwake mpaka hadithi iishe."

Niliandika harakaharaka, hata leo mstari huo kwenye daftari langu umepinda.

"Basi nimefungua," akasema Kasiano. "Ingia. Ila sijui utalala wapi. Niko na watoto wanne."

Na Rachid, ambaye alisimama barabarani Gasorwe akahesabu miti akaondoka, akasema: "Leo sikuja kulala. Nimekuja kuiona tu. Nipe maji ninywe, tuongee."

Kasiano akasema anamletea maji. Akasema anamletea na kiti, alichokitengeneza mwenyewe, cha mvule. Wakakaa, wale watu wawili wa kwenye hadithi, wakaanza kuzungumza kuhusu mpaka wa shamba unapopita na kama unaweza kupita pengine. Hawakuelewana. Walichota mara tatu, wakashindwa mara mbili. Cubaka alileta viatu vya kuwapatanisha, akafukuzwa. Tulicheza mpaka muadhini wa alasiri akaita, na hakuna aliyekumbuka mgonjwa wala mlango wa mteja.

Mwishowe Kasiano alinyanyuka, akajinyoosha, akauliza, "Samedi ijayo tunaanzia pale pale kwenye mpaka?" Akamtazama Rachid. "Sababu bado hatujamaliza, weye na mi."

Mugisho, aliyekuwa amesimama mlangoni nusu saa nzima akijifanya anahesabu bahasha, akapiga makofi mara moja. "Bon. Mia tatu. Na ule mlima uwe mbele kwenye kifuniko, si ile jina refu ya mwanzo." Akavuta kipande cha karatasi. "Lakini watu watauliza maswali, hasa wale wa mbali. Nyuma ya kitabu niandike nini? Mwenye kanuni anapatikana wapi?"

Nilitazama sakafu. Sikutaka Rachid auone uso wangu, maana kesho yake ilikuwa Jumapili, na lile sanduku lilikuwa limefungwa kamba. Nilimsikia akivuta pumzi kama anavyofanya kabla ya kusoma kanuni mpya.

"Andika Muyinga mjini," akasema. "Barazani kwa Kulthumu fundi wa nguo. Wakikuta cherehani, wamefika."

"Huyo ni dada yako," Mugisho akasema. "Mi nauliza weye."

"Ndiyo, mimi. Nitakuwepo hapo kila siku. Isipokuwa Jumamosi, Jumamosi nipo hapa Gitega na Kasiano."

Nilimshukuru Mungu kimya kimya, kisha nikageuka nikamuuliza kaka yangu kwa ukali ni nani aliyemruhusu kuweka meza kwenye baraza langu, na kama anajua kodi ya upande wa kivulini ni kufagia kila asubuhi.

"Kwa kanuni ipi?" akauliza Rachid.

"Yangu," nikamwambia.

Akachukua kalamu ya Mugisho akaiandika.